Uliza Ujibiwe: Miguu, Pumzi na Ngazi Ndefu

Barua za mwezi huu kutoka Mtwara na Lindi zinafanana kwa jambo moja: mtu ana ngazi ndefu mbele yake na miguu haijazoea. Tumezijibu kwa urefu usiolingana kwa sababu matatizo yenyewe hayalingani. Tunaposema kidato tuna maana ya ile hatua moja ya ngazi unayoikanyaga.

*Kazini tumekubaliana watu kumi twende Dar es Salaam mwishoni mwa Septemba tukapande kwa miguu jengo la ghorofa 30. Tumeambiwa kila ghorofa ina vidato 20. Nina miaka 34 na kilo 71, natembea kwenda kazini lakini mazoezi sifanyi. Jengo refu ninaloweza kulitumia hapa Mtwara ni la ofisi yetu, vidato 54 kutoka chini hadi juu. Sasa ni mwanzo wa Julai. Nianzie wapi?*
Karani, Shangani, Mtwara

Dada yetu, wiki 12 zinakutosha, tena unabakiwa na nafasi ya kuugua mafua mara moja bila kuharibikiwa. Kabla hujawaza raba mpya, azima futi ya fundi upime kimo cha kidato kimoja cha ofisini. Vingi huwa kati ya sentimeta 15 na 18. Tukichukua 17, vidato 54 ni mita tisa na kidogo, na vile 600 vya Dar ni mita 102. Kwa hiyo ukipanda ngazi za ofisini mara 11 umepanda vidato 594, karibu jengo zima. Ila hesabu hiyo inashika tu kama vimo vinalingana. Vya ofisini vikiwa sentimeta 15 na vya kule 18, utahitaji zaidi ya safari 13 kufikia urefu uleule. Kinachochosha ni mita unazoinuka, si idadi ya vidato, basi mwombeni aliyewaalika apime kimoja awatumie jibu kwa simu.

Wiki tatu za mwanzo panda siku tatu zisizofuatana, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tembea, usikimbie, kidato kimoja kimoja. Kanyaga kwa wayo mzima kisigino nacho kikae, kwa sababu ukipanda kwa vidole tu, shavu la mguu ndilo linalobeba mzigo wote na litakaza kabla mapaja hayajaanza kazi. Safari nne kila siku kwa wiki ya kwanza, sita ya pili, nane ya tatu. Wiki ya nne rudi hadi tano.

Siku ya kwanza utaona safari nne ni mchezo wa watoto. Usiongeze. Maumivu ya ngazi hayaji siku hiyo, huja kesho yake jioni na keshokutwa, wakati mapaja yanapokataa kukuchuchumaza chooni. Tena hayatokani na kupanda, yanatokana na kuteremka. Unapoteremka, msuli wa mbele wa paja unarefuka huku umebeba uzito wa mwili, na nyuzi zake ambazo hazijazoea kazi hiyo hupata michubuko midogo midogo. Ukiufanyia hivyo kwa kiasi mara mbili tatu, mwili hujirekebisha na safari zinazofuata haziumi tena namna ile. Kano ndizo zinazochelewa. Pumzi hupata nguvu ndani ya wiki tatu au nne, lakini kano ya kisigino na ile ya chini ya pia ya goti hutaka miezi. Watu wengi huharibikiwa hapo: mtu anajisikia mwepesi, anaongeza safari maradufu, na wiki ya tano anaamka kisigino hakikanyagiki. Hiyo wiki ya nne ya kurudi nyuma imewekwa kwa ajili ya kano.

Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane, ngazi ziwe siku mbili. Siku moja ni ya mwendo mrefu: safari nane, kisha tisa, kumi, na wiki ya nane 11, bila kusimama chini, kule kuteremka ndiko kupumzika kwako. Siku nyingine ni ya kasi. Panda vidato vyote 54 kwa sekunde kama 40, teremka taratibu umeshika chuma cha ngazi, subiri mpaka zitimie dakika mbili na nusu tangu ulipoanza, panda tena. Mara sita wiki ya tano, na kila wiki ongeza moja. Safari ya mwisho ikichelewa kuliko ya kwanza kwa zaidi ya sekunde tano, ujue ulianza kwa pupa, na wiki inayofuata punguza kasi badala ya kupunguza safari.

Siku ya tatu ni ya nguvu, na vifaa viko nyumbani. Chukua madumu mawili ya lita tano yaliyojaa maji, kilo tano kila mkono, upande kwenye benchi imara la kimo cha sentimeta 30 hivi: mara kumi kila mguu, mizunguko mitatu. Kisha simama ukingoni mwa kidato visigino vikiwa hewani, inuka kwa vidole, shuka ukihesabu hadi tatu, mara 15 kwa mizunguko mitatu. Malizia kwa kuchuchumaa mpaka makalio yaguse kiti na kuinuka, mara 12, mizunguko mitatu. Siku ya nne tembea haraka dakika 40 au 50 kando ya bahari. Siku zilizobaki pumzika, na kupumzika ni pamoja na kutorudi ofisini kuonyesha wenzako unavyopanda.

Wiki ya tisa fanya safari 13 siku ya mwendo mrefu, wiki ya kumi 15. Tunataka 15 ingawa jengo ni sawa na 11 kwa sababu ofisini miguu inapata ahueni kila baada ya vidato 54, na Dar hakuna kuteremka mpaka mfike juu. Kuna zoezi dogo linaloziba pengo hilo: weka mguu wa kulia juu ya benchi na upande mara 40 mfululizo bila kubadilisha, ndipo uhamie wa kushoto. Paja litawaka moto kwenye mara ya 25 hivi, na huo moto ndio utakaoukuta ghorofa ya 20. Wiki ya 11 punguza kila kitu kwa theluthi. Wiki ya 12 fanya siku mbili tu za safari nne nyepesi, ya mwisho iwe siku tatu kabla ya safari. Nguvu hazijengwi wiki ya mwisho, ila zinaweza kupotezwa.

Siku yenyewe, shika kipimo hiki: kidato kimoja kwa sekunde moja. Vidato 600 vitakwisha kwa dakika kumi, na kwa mtu anayepanda mara ya kwanza hizo ni dakika nzuri. Jipime ofisini, vidato 54 vichukue sekunde 54, mpaka mguu uujue mwendo huo bila saa. Ghorofa tano za kwanza zitakudanganya. Mwili una akiba ya nguvu inayotumika bila kusubiri hewa, lakini ni ya muda mfupi, na moyo na mapafu huchukua dakika mbili au tatu kufikia kasi ya kazi unayoidai. Anayekimbia ghorofa tano za mwanzo anaimaliza akiba kabla mapafu hayajafika, na ghorofa ya nane unamkuta ameinama, mikono magotini. Mpishe, endelea na sekunde yako. Ukifika ya 20 na bado unaweza kusema sentensi fupi, ongeza.

Ukilazimika kupumzika, simama kwenye kona upande wa ukuta kwa sekunde 20, usikae chini. Na ulizeni mapema kama lifti itawateremsha. Kuteremka vidato 600 baada ya kuvipanda, miguu ikitetemeka, ndiko watu wanakoangukia.

*Mtoto wangu anaishi ghorofa ya tano Dar es Salaam, jengo halina lifti, nami nakwenda kukaa kwake mwezi mzima. Nina miaka 61. Kupanda naweza, polepole. Kuteremka goti la kulia linauma mbele, chini ya pia, na mara nyingine naona kama litaniachia. Je, mazoezi yatasaidia au yataniongezea?*
Mwalimu mstaafu, Mtanda, Lindi

Shikamoo mwalimu. Kwanza hilo la goti kutaka kuachia. Simama wima, kunja goti na ulinyooshe mara chache. Kama limevimba, lina joto kuliko lenzake, linakwama katikati, au limewahi kukuangusha, nenda Hospitali ya Sokoine wakalitazame kabla ya zoezi lolote. Kama ni maumivu tu yanayokuja ukiteremka na kuondoka ukipumzika, mara nyingi mazoezi ndiyo dawa yake, na usiogope.

Ukiteremka, goti hukunjwa huku uzito wote uko mguu mmoja, na pia ya goti hukandamizwa kwenye mfupa wa paja kwa nguvu inayofikia mara tatu ya uzito wa mwili au zaidi. Msuli wa paja ukiwa dhaifu, hauwezi kukushusha taratibu. Mwili unadondoka kwenye kidato na goti ndilo linaloupokea. Mara nyingi hata nyonga imelegea, na hilo utaliona mwenyewe. Simama mbele ya kioo kirefu juu ya kidato kifupi, shusha mguu wa kushoto kuelekea chini polepole, na uangalie goti la kulia. Likikimbilia ndani kuelekea goti lenzake badala ya kuelekea kidole cha pili cha mguu, umepata chanzo.

Anza na haya kwa wiki mbili, kila siku. Egemeza mgongo ukutani, teremka kidogo kama mtu anayetaka kukaa kwenye stuli ndefu, kaa hapo sekunde 20, mara tano. Usishuke mpaka mahali panapouma. Kisha lala ubavu wa kushoto, nyoosha mguu wa kulia na uuinue juu kidogo, mara 12, ugeuke upande wa pili. Wiki ya tatu ongeza kushuka kidato kimoja cha sentimeta 10 tu. Kitabu kinene hakifai kwa sababu kinateleza, tafuta ubao. Shuka ukihesabu hadi tatu, goti likiangalia kidole cha pili, mkono ukiwa ukutani. Mara nane kila mguu, mizunguko miwili, siku moja ndiyo siku moja sivyo. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanayokwisha jioni hiyohiyo yanakubalika. Yakilala nawe mpaka asubuhi, punguza kimo, usiache.

Kwenye ngazi zenyewe kuna kanuni ambayo wahudumu wa hospitali huwafundisha wagonjwa: ukipanda utangulize mguu mzima, ukiteremka utangulize ule unaouma, na mkono uwe kwenye chuma. Kwa siku mbaya, weka miguu yote miwili kwenye kidato kimoja kabla ya kuendelea na kinachofuata. Panga pia safari zako, mwalimu: teremka mara moja kwa siku ukiwa na orodha ya shughuli zote, na mizigo ya sokoni wapandishe wajukuu. Kilo tano za mchele mkononi ni kilo tano juu ya goti lilelile, na zinakunyima mkono wa kushikia.

*Nakimbia kilomita kumi bila shida, lakini kwenye ngazi za jengo lenye vidato 70 nafika juu kifua kinataka kupasuka. Wenzangu wananicheka. Na je, nipande kidato kimoja kimoja au viwili viwili?*
Mchezaji mpira, Mikindani

Kijana wetu, mapafu yako ni mazima. Unapokimbia tambarare, kano za miguu hufanya kazi kama springi, kila hatua inakurudishia sehemu ya nguvu uliyokanyagia. Kwenye ngazi springi hiyo haikufai kitu. Kila kidato ni kuuinua mwili mzima upya, na misuli ya mapaja na makalio inadai hewa kuliko inavyodai barabarani. Ukiingia ngazini na kasi ya barabarani utaishiwa kabla ya dakika. Panda nusu ya kasi unayodhani unaiweza, kwa wiki mbili, na kicheko kitakwisha chenyewe.

Kuhusu kimoja au viwili, usimsikilize mtu, jipime. Panda hizo 70 mara sita kwa kimoja kimoja, kila safari dakika moja kamili, na siku ya sita fanya vilevile kwa viwili viwili, dakika ileile. Ukifika juu weka vidole shingoni mara moja, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Mtindo unaokupa mapigo machache kwenye safari ya tano na ya sita ndio wako. Kwa kawaida wenye miguu mirefu hupata nafuu kwa viwili, kwa sababu makalio, ambayo ni misuli mikubwa, yanachukua kazi ambayo mapaja yangeifanya peke yao. Vidato vikizidi sentimeta 18, wafupi wanaumia nyonga wakivilazimisha viwili.

Mabingwa wengi hupanda viwili viwili. Mbio za Empire State Building kule New York zina vidato 1,576 mpaka ghorofa ya 86, mita 320 za kuinuka. Paul Crake wa Australia alizimaliza mwaka 2003 kwa dakika 9 na sekunde 33. Gawanya uone: ni vidato 165 kwa dakika. Kwa viwili viwili hiyo ni miguu kugusa chini mara 82 au 83 tu kwa dakika, mwendo wa mtu anayetembea kwa utulivu, isipokuwa kila hatua inampandisha sentimeta 40. Kasi yao ipo kwenye urefu wa hatua na kwenye kutokuchoka, miguu haichezi haraka hata kidogo.

Jambo la mwisho kwako ni mikono. Shika chuma cha upande wa ndani wa kona, mkono utangulie mbele ya kiwiliwili, jivute, kisha ubadilishane na mkono wa pili kama mtu anayevuta kamba ya jahazi. Ukifika kona usiizunguke kwa hatua nne. Kamata ncha ya chuma, geuka kwa hatua moja au mbili ukibana upande wa ndani. Ghorofa 30 zina kona kama 60 zikiwa na mbili kila ghorofa, na hatua mbili zilizookolewa kila kona ni hatua 120. Inama kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, usivunje kiuno. Kiuno kikivunjika kifua kinabanwa, na hewa ndiyo unayoitafuta.

*Masasi nilipo hakuna ghorofa ninayoruhusiwa kuitumia. Nifanyeje?*
Muuguzi, Masasi

Tengeneza kidato chako. Matofali mawili ya saruji ya inchi sita, ukiyalaza kwa ubapa ubavu kwa ubavu, yanakupa kimo cha sentimeta 15 na uso wa kama sentimeta 46 kwa 46. Juu yake weka ubao wa inchi mbili, nene na usiopinda, na utakuwa na sentimeta 20, kimo kilekile cha vidato vya Empire State. Yaweke juu ya sakafu ya saruji, kamwe si juu ya mchanga. Upande mmoja ukizama hata sentimeta moja, kifundo cha mguu kitapindika. Pigilia vipande viwili vya ubao mdogo chini ya ule mkubwa ili vibane matofali ubao usiteleze. Ukikosa fundi, bora upande matofali matupu ya sentimeta 15 kuliko ubao unaocheza.

Tafuta kwenye simu programu ya kupiga mdundo, uiweke midundo 80 kwa dakika: kulia juu, kushoto juu, kulia chini, kushoto chini. Unapata kupanda mara 20 kwa dakika, na kila dakika badilisha mguu unaotangulia. Dakika kumi ni mita 40. Anza na dakika tano mara mbili, pumziko la dakika tatu katikati. Baada ya wiki sita uwe na dakika 20 mfululizo, ndipo ubebe begi la mgongoni lenye chupa mbili za lita moja na nusu. Ukishuka, ushuke karibu na ubao. Ukirudi nyuma mbali unatua kwa vidole ukiwa umenyoosha mguu, na shavu la mguu huchanika hivyo.

Majabali ya Masasi pia ni zoezi zuri, asubuhi, jiwe likiwa kavu, na msiwe pungufu ya wawili. Baada ya mvua ule utando mweusi juu ya jiwe huteleza kama sabuni. Wasomaji wa Newala wana mteremko wa ukingo wa uwanda wa Makonde kuelekea bonde la Ruvuma, lakini wakumbuke kwamba pale unaanza kwa kuteremka na unamaliza kwa kupanda. Geuka miguu ingali mizima, si unapoanza kuchoka.

*Mwezi wa Ramadhani nafanyaje na mazoezi yangu ya ngazi? Nikiacha mwezi mzima nahisi nitaanza upya.*
Mama wa duka, Kilwa Masoko

Mama, hutaanza upya. Mara mbili kwa wiki zinatosha kuilinda nguvu uliyokwisha kuipata. Zoezi jepesi, la kutembea tu ngazini dakika 20, lifanye nusu saa au dakika 40 kabla ya magharibi, ili kiu ikikushika maji yawe karibu. Zoezi la kasi lisogeze usiku, saa mbili baada ya kufuturu, hata ikiwa ni baada ya tarawehe. Usilifanye baada ya daku. Utatoa jasho alfajiri na kukaa na upungufu huo mchana kutwa, na kwa unyevu wa hewa wa pwani yetu jasho halikauki mwilini, linachuruzika tu bila kukupoza.

Unaweza kupima jasho lako kwa mizani. Jipime kabla na baada ya zoezi bila viatu, nguo zikiwa nyepesi. Kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji, na unapaswa kuirudisha kidogo kidogo kati ya futari na daku. Kama umelowa sana, changanya lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Dafu ni zuri, lakini chumvi yake ni ndogo kuliko inayotoka kwa jasho, basi lisindikize na chakula chenye chumvi. Daku iwe ya kukaa tumboni: ugali na kunde au mbaazi, samaki, ndizi. Korosho ni nzuri kwa daku, ila kabla ya kupanda ngazi ni nzito. Mafuta yake huchelewa tumboni, na ukiinama kupanda utayasikia kooni.

*Nina presha na ninatumia vidonge. Naweza kupanda ngazi?*
Msomaji, Nachingwea

Mara nyingi ndiyo, presha ikiwa imedhibitiwa. Mwambie daktari wako unachotaka kufanya, na umtajie dawa kwa majina, kwa sababu baadhi huzuia mapigo ya moyo yasipande, hivyo kuhesabu mapigo hakutakuambia kitu. Tumia kipimo cha mazungumzo: panda kwa mwendo unaokuruhusu kusema maneno sita saba bila kukatika. Usibane pumzi unapojivuta kwa mikono, toa hewa kila unapokanyaga. Usijiweke na begi zito. Kifua kikibana, maumivu yakienda mkononi au tayani, kizunguzungu au jasho baridi vikija, acha hapohapo, mwite mtu, na mwende hospitali wakati huohuo. Usisubiri kesho.

*Nikimaliza kupanda kwa kasi nakohoa saa nzima na mdomo una ladha kama ya chuma. Ni kifua kikuu?*
Mwanafunzi wa chuo, Mtwara

Kikohozi kinachokuja baada ya kasi tu na kuisha ndani ya saa chache kwa kawaida ni njia za hewa zilizokaushwa na kuhema kwa nguvu, na ngazi za ndani ya majengo zina vumbi ambalo halina pa kutokea. Wapenda ngazi wanakifahamu sana. Fungua madirisha ya ngazini, omba zipigwe deki kabla, pasha mwili joto kwa safari tatu za polepole, na vuta hewa kwa pua mpaka pale usipoweza tena. Kikija na sauti ya filimbi kifuani, kapimwe pumu. Kikidumu wiki mbili, au ukiona damu, homa za jioni au kupungua uzito, hiyo haihusiani na ngazi. Nenda ukapime makohozi.

*Raba za mtumba zinafaa? Mpya siziwezi.*
Dereva bodaboda, Lindi mjini

Zinafaa, ukichagua kwa mkono na si kwa rangi. Geuza raba uangalie ubavuni, ile sehemu nyeupe laini kati ya soli na kitambaa. Ikiwa na mikunjo myembamba ya kulala kama ya paji la uso, imeshakufa ndani hata kama juu inang'aa. Ibonyeze kwa kidole gumba: inapaswa kubonyea na kurudi. Ishike mbele na nyuma uipindue kama unayekamua nguo. Ikikunjika katikati ya wayo badala ya kwenye vidole, iache. Kisha iweke mezani uitazame kwa nyuma, isiegemee upande, kwa sababu aliyeivaa kabla yako ameiacha na mwendo wake. Kwa ngazi usitafute soli nene laini kama godoro, kwani kila ukikanyaga inazama na unapoteza kimo ulichokilipia kwa paja. Chagua nyembamba kiasi, yenye kushika kisigino, na ibaki nafasi ya nusu kidole mbele. Ukiifua, ianike kivulini. Jua la saa saba la Lindi huachanisha gundi, na utagundua soli imefunguka ukiwa katikati ya ngazi.